MREJESHO: Bukavu hadi jumba la mfalme Nyanza kwa gari

Wapendwa, niliuliza kama familia inaweza kutoka Bukavu, Kongo, kwa gari na kuona majumba yote mawili ya kifalme ya Nyanza, Rwanda, siku hiyohiyo. Tumerudi salama, asanteni sana.

Mama uliyesisitiza kadi ya njano ya COMESA (bima ya gari ya kuvukia mipaka), Mungu akubariki: pale mpakani Ruzizi ndiyo waliyoiulizia kwanza. Kuvuka mapema nako kulitufaa, ila njia ya msitu wa Nyungwe ilikuwa ukungu mtupu, malori yanajikokota kwenye kona, watoto wanatapika. Tangawizi mliyoipendekeza haikufua dafu.

Basi tuliwahi jumba moja tu, la Rukari. Anzeni na ile nyumba ya nyasi iliyojengwa upya: ndani giza, mikeka ya michoro myeusi, nyuma kibanda cha maziwa na cha pombe. Na wale inyambo, ng'ombe wa kifalme! Pembe ndefu kuliko mkono wangu, mchungaji akiwaimbia wanatulia tuli. Jumba la pili, Rwesero, tulikuta pamefungwa; hata mfalme Rudahigwa aliyejengewa alifariki 1959 kabla ya kuhamia. Anayetaka yote mawili alale mji wa Huye, ulio njiani, kwanza, Nyanza aende asubuhi.