Je, matofali ya Kirumi katika kanisa la Brixworth yanathibitisha kwamba Warumi ndio waliolijenga?

Swali

Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi kuhusu Kanisa la Watakatifu Wote katika kijiji cha Brixworth, Northamptonshire, nchini Uingereza. Matao ya kuta zake yamejengwa kwa matofali mapana na membamba, ya namna ileile inayoonekana katika magofu ya Kirumi, ilhali wanahistoria wanalihesabu miongoni mwa makanisa ya Waanglo-Saksoni, yaani watu wa asili ya Kijerumani waliotawala Uingereza baada ya Warumi kuondoka. Je, matofali hayo hayatoshi kuonyesha kwamba lilianza kama jengo la Kirumi, kisha likageuzwa kuwa kanisa? Na kwa nini matao yenyewe yamezibwa?

Jibu la 1

Ndugu muulizaji, umri wa tofali hauwezi kuchukuliwa kuwa umri wa ukuta. Utawala wa Kirumi nchini Britania ulikoma mwanzoni mwa karne ya 5, na ufundi wa kuchoma matofali ukafifia pamoja nao, hivyo mwashi wa karne zilizofuata aliyetaka matofali aliyatafuta katika magofu. Kwa maoni yangu, ushahidi wenye nguvu zaidi ni jinsi yalivyopangwa. Fundi wa Kirumi aliyeujua mpango wa tao aliyalaza matofali yaelekee yote kwenye kitovu cha duara, ili uzito ugawanyike sawasawa, lakini huko Brixworth mengi yameinama bila kufuata kitovu hicho, na nafasi zilizobaki zimejazwa chokaa nyingi. Huyo alikuwa mwashi aliyelipata tofali bila kuupata ufundi wake, na hata hivyo matao yake yamesimama zaidi ya miaka 1,000, jambo linalostahili heshima kubwa. Mapokeo ya zamani yaliliweka kanisa hilo karibu na mwaka 680, lakini watafiti wa sasa wanaelekea zaidi mwishoni mwa karne ya 8 au mwanzoni mwa karne ya 9.

Jibu la 2

Naunga mkono, na naongeza mfano wa kanisa dogo la Escomb, katika jimbo la Durham, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 7 kwa mawe yanayoaminika kutoka ngome ya Kirumi ya Binchester, iliyo karibu. Katika ukuta wake wa kaskazini lipo jiwe lenye maandishi ya Jeshi la Sita la Kirumi, nalo limewekwa kichwa chini. Aliyelipachika alihitaji jiwe lililochongwa vizuri tu.

Jibu la 3

Nijibu kuhusu matao yaliyozibwa. Hapo awali yalikuwa njia za kuingilia vyumba vya pembeni, vilivyopangana kando ya ukumbi wa waumini upande wa kaskazini na wa kusini. Vyumba hivyo vilipobomolewa, matao yalibaki wazi kuelekea nje, ndipo yakajengewa ukuta na kuwekewa madirisha.

Anayetaka kuufuata mfuatano wa ujenzi na aanzie upande wa magharibi, kwa kuwa hapo zama zinaonekana zikipandiana. Mnara wa mviringo wenye ngazi umeegemezwa kwenye mnara mkuu na umeuziba mlango wa kale, kwa hiyo ni lazima uwe umejengwa baada yake. Kwa kawaida huwekwa katika karne ya 10 au ya 11. Minara ya ngazi ya namna hiyo kutoka zama za Waanglo-Saksoni imebaki minne tu Uingereza nzima, mmojawapo ukiwa katika kanisa la Brigstock, katika jimbo hilohilo. Sehemu ya juu ya mnara mkuu, pamoja na ncha yake iliyochongoka, ni kazi ya karne ya 14. Upande wa mashariki usome kwa hadhari zaidi, kwa sababu sehemu yenye umbo la nusu duara inayoonekana leo ilijengwa upya katika ukarabati wa miaka ya 1860 kwa kufuata mabaki ya ile ya kwanza, na mawe yake mengi hayana umri unaodhaniwa na anayeitazama kwa mbali.