Mashine ya kupumulia au upasuaji wa taya?

MamaTororo: Ndugu zangu, naomba msaada, tunatakiwa tuamue mwezi huu. Mume wangu anakoroma, halafu ghafla kimya, pumzi imekatika mpaka nimtikise. Daktari wa Kampala amesema tununue mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kwa barakoa usingizini ili koo lisijifunge. Shemeji yangu anasema mashine ni mzigo wa maisha, afadhali apasuliwe taya yaishe. Akiba yetu ni milioni 6. Tushike lipi?

Muuguzi_Jinja: Dada, umetuficha mengi. Alipimwa usingizi? Pumzi inakatika mara ngapi kwa saa? Ikifika 30 ni hali mbaya. Ana kilo ngapi? Kidevu kimerudi nyuma? Anafanya kazi gani?

Kaka_Mbale: Mashine, dada. Mimi huu mwaka wa tatu. Wiki mbili za mwanzo barakoa ilinichubua pua, nikataka kuitupa. Sasa naamka kichwa chepesi.

Lugazi77: Na umeme ukikatika? Huku kwetu juzi tumekaa gizani siku mbili.

Mzee_Bweyogerere: Msikimbilie kisu. Mimi hospitali moja ilinikata kimio na tonsili bila kunipima usingizi hata mara moja. Daktari alichungulia koo tu, akasema tatizo liko hapo. Siku kumi na nne kumeza mate ilikuwa kama kumeza kaa la moto. Nikinywa chai inatokea puani. Nilikula uji wa mtama baridi, nikapungua mpaka watu wakaniuliza naumwa nini. Mwaka haukuisha, mkoromo ukarudi. Nilipopimwa baadaye, kumbe njia ya hewa ilikuwa inajifunga nyuma ya ulimi. Niliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya upasuaji ule.

Muuguzi_Jinja: Pole sana mzee. Ila upasuaji wa taya ni mwingine. Taya la juu na la chini hukatwa, husogezwa mbele kama milimita 10, hufungwa kwa vibamba na skrubu za titani. Ulimi unavutwa mbele, njia ya hewa inapanuka. Akichaguliwa mtu anayefaa, matokeo huwa mazuri sana. Lakini ni wiki kadhaa za chakula laini, ganzi ya mdomo wa chini na kidevu huweza kubaki, na wengine huanza kwa kuvaa nyaya za meno miezi mingi. Ndiyo maana mashine hutangulia.

MamaTororo: Samahani, karatasi nimeipata. Mara 47 kwa saa. Kilo 84. Kidevu kimerudi nyuma tangu utoto. Ni dereva wa trela, kutoka Malaba mpakani na Kenya hadi Elegu mpakani na Sudan Kusini, analala garini siku nne kwa wiki.

Muuguzi_Jinja: Dereva! Dada, hilo ungeanza nalo. Mara 47, halafu anashika usukani usiku?

Kaka_Mbale: Mashine inakubali betri ya gari.

Lugazi77: Trela ni volti 24. Bila kibadilishi cha umeme ataiunguza mashine.

Kaka_Mbale: Kibadilishi kinauzwa. Na akizime kile kipasha unyevu kinacholowanisha hewa ya mashine, ndicho kinachomaliza betri.

Lugazi77: Vumbi la kule kaskazini je? Kichujio kitaziba.

Kaka_Mbale: Vichujio hubadilishwa, kaka.

Mzee_Bweyogerere: Nyinyi mnabishana vichujio. Mama, mumeo yuko wapi sasa hivi?

MamaTororo: Amepita Lira saa mbili usiku. Simu haipokelewi. Akipokea tu namwambia apaki Kamdini, mji ulio mbele yake, alale.

Muuguzi_Jinja: Endelea kumpigia. Tupo.