Fundi jipsam kanifukia spika za milioni 3 ukutani bila hata kuzijaribu

Wakuu habari za saa hizi. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie, uzi utakuwa mrefu. Ukuta wa TV sebuleni kwangu huku Goba umeharibika, hela imeenda, na mafundi wawili niliowalipa, wa jipsam na wa umeme, kila mmoja anarusha mpira kwa mwingine.

Ilianza hivi. Mwanangu wa mwisho ana miaka miwili, alivuta waya wa ile spika ndefu ya kusimama ikamwangukia mguuni. Mungu saidia mfupa haukuvunjika, ila usiku ule ule nikamwambia mama yake spika za chini zinatoka humu ndani. Sasa shemeji yangu yuko Texas, kwake mziki unapiga sebuleni na huoni spika hata moja, ziko ndani ya ukuta. Kule nyumba nyingi kuta za ndani ni fremu za mbao zimepigwa jipsam bodi huku na huku, katikati pako wazi, unakata tundu unapachika. Sisi kuta zetu ni tofali, kwa hiyo ikabidi nisimamishe ukuta wa jipsam mbele ya ule wa tofali, fremu za chuma na bodi ya milimita 12. Nikajua hapo kazi imeisha maana nyumba mpya nyingi siku hizi siling ni jipsam, fundi atakosekana vipi.

Kwa msiozijua, hizi spika nilizonunua za kufukia ukutani si zile za duara zenye wavu mweupe za kwenye siling. Hizi ni bapa kama sinia, uso umenyooka, nyuma kuna vifaa vidogo vya kutetemesha, amplifaya ikipeleka moto uso mzima unatetemeka na ndio unatoa sauti. Unaipachika iwe sawasawa na bodi, unapiga tepu kwenye maungio, unapitisha skimu (puti laini ya kumalizia) nyembamba sana, msasa, rangi, haionekani tena. Kila kitu kiko kwenye hiyo skimu. Kitabu kilichokuja kwenye boksi kimeandika isizidi milimita 2, na kimeandika kwa herufi nzito kwamba ujaribu sauti KABLA ya kufunika. Ukiupaka uso mzigo mzito hautetemeki vizuri, na kinachokufa kwanza ni zile sauti nyembamba, maneno ya mtu anayeongea, matoazi, vitu kama hivyo.

Fundi nikampa kitabu, nikamwonyesha na picha kwa kidole, hii hapa milimita 2, umeona? Akaniambia "ondoa shaka bosi, hizi kazi tumezifanya sana." Nikaenda Dodoma kikazi siku nne. Nimerudi nakuta ukuta umeshapigwa rangi unang'aa, na yeye anasubiri laki 2 na nusu iliyobaki. Nikampa. Hapo ndipo najilaumu mpaka leo, nimempa hela kabla sijawasha kitu.

Jioni nawasha. Spika ya kushoto ni kama redio iliyofungwa kwenye blanketi, mtangazaji anasoma habari humwelewi anachosema. Ya kulia inatoa mlio wa nzi aliyenasa kwenye chupa kila sauti ikipanda. Wiki mbili mbele nyufa zikatoka, na si nyufa za ovyo, ni pande nne zimechora umbo la spika kabisa, jua la saa kumi likiingia dirishani kwa ubavu unaziona zote mbili ukutani. Tepu ya maungio hajaweka, kapiga puti ya kawaida tu ya ukuta juu kwa juu.

Nikachukua skrepa nikabandua kipande pale kwenye ufa. Nikakipima kwa rula, milimita 6. Mara tatu ya kilichoandikwa! Alafu nikaendelea kubandua nikakuta kichwa cha skrubu, kisha kingine, jumla skrubu tano kazipiga kwenye uso wa spika yenyewe, eti kaikaza kama bodi. Ndio ule mlio wa nzi. Uso umetobolewa, ile ya kulia haitengenezeki tena.

Na kilichonitoa machozi ni waya. Mmoja wao kapitisha waya mwembamba mno wa spika ndani ya paipu moja na waya wa soketi wa volti 230, na katikati kauunga kwa kusokota akafunga selotepu. Ile ganda la waya wa soketi likichubuka moto unaingia kwenye waya wa spika moja kwa moja. Nilikuwa namkinga mtoto na spika, kumbe nimemwekea umeme ukutani anapochezea.

Nampigia fundi ananiambia "mimi kazi yangu jipsam, sauti muulize aliyekuuzia." Fundi umeme naye, "mimi niliacha waya nje, waliofunga ndio wanajua." Jamani kutojua si kosa, angesema hajawahi kuzifunga ningemtafutia mtu. Ila kufunika kitu ambacho hujakisikia hata sekunde moja, ukapiga na rangi juu, ukapokea hela? Waya wa amplifaya ulikuwa pale pale sakafuni, kujaribu ni dakika kumi.

Kuna jamaa kanishauri nibandue zote niweke spika za kawaida nyuma ya bodi zisionekane. Hapana, bodi ya jipsam haikutengenezwa ipitishe sauti, nitarudi kwenye blanketi lile lile. Na wewe unayetaka kufunga, usisafiri. Kaa hapo, washa, sikiliza, piga picha ukuta ukiwa wazi na futi kamba imelazwa ili kesho ujue waya uko wapi, ndio waguse puti.

Sasa naomba msaada kwenye ile ya kushoto, yenyewe haina tundu. Kuna aliyewahi kupunguza skimu kwenye uso wa spika ya hivi bila kuuharibu? Naogopa msasa wa mashine, naogopa na maji. Ya kulia nishaikatia tamaa. Umeme wa ukuta ule nimeuzima kwenye swichi kubwa, TV tumeihamishia chumbani.

Jana usiku fundi kanitumia meseji, "bosi naomba ya nauli nije niangalie." Sijamjibu.