Wauza daluga wa Tanga, mguu wa mtoto si namba tu! Mmetuumizia kijana na hela hamrudishi

Wakuu shikamooni, wenzangu habari za jioni. Modi naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa bei za jezi, hili ni jambo jingine kabisa. Naandika nikiwa hapa Makorora, sasa hivi nimetoka kukanda mguu wa mtoto wa watu kwa maji ya chumvi, na hasira niliyonayo nikilala nayo sitapata usingizi.

Nafundisha timu ya watoto chini ya miaka 15. Si akademi, hatuna mfadhili, tuna mipira mitatu na uwanja wenye kokoto za matumbawe upande wa goli la bahari. Mwezi wa nne wazazi walikubaliana wachange tuwanunulie vijana 14 daluga mpya, pea moja elfu 40. Kuna mama anauza dagaa pale Deep Sea, alileta mchango wake kwa awamu nne, noti za elfu mbilimbili zimekunjwa ndani ya kanga. Awamu ya mwisho akaniambia, "Kocha, nimekukabidhi mwanangu na hela yangu." Ikatimia 560,000. Hiyo ndiyo hela ninayoizungumzia hapa, hela ya dagaa, ya bodaboda, ya vitumbua vya alfajiri.

Tukaenda duka moja mitaa ya Ngamiani. Jina silitaji, maana hata wenzake wa jirani ni walewale. Nikamweleza muuzaji mapema: hawa ni watoto, wanachezea uwanja mkavu na mgumu, na huyu beki wangu wa kulia mguu wake ni mpana sana mbele. Kijana amekulia Tongoni, pekupeku mpaka darasa la tano, vidole vyake vimetawanyika vizuri kama Mungu alivyoviumba. Muuzaji hata hakuinama kuutazama mguu. Akauliza, "Anavaa ngapi?" Nikasema 41. Akavuta boksi. Kijana akavaa, akakunja uso, akasema kinambana huku kwenye kidole cha mwisho. Jibu alilopewa: "Kitatanuka tu, wewe vaa."

Kitatanuka! Hilo neno ndilo lililonileta hapa.

Wiki ya tatu, mazoezi ya Alhamisi, kijana akawa anakimbia kwa ukingo wa mguu kama aliyekanyaga mwiba. Nikamketisha chini ya mwembe. Kuvua kiatu ilikuwa shughuli, kuvua soksi ikawa shughuli zaidi, kwa sababu soksi ilikuwa imegandana na ngozi pale kwenye kidole kidogo. Niliilowesha maji kidogokidogo mpaka ikaachia. Ngozi ilikuwa imetoka kipande cha ukubwa wa kifungo cha shati, na juu yake ungeweza kuona alama ya mshono wa ndani ya kiatu, nukta nukta, kama cherehani imepita juu ya mguu wa binadamu. Ukucha wa dole gumba mweusi, damu imevilia chini yake. Nikamuuliza kwa nini hukusema? Akanijibu, "Mama alitoa hela nyingi, kocha."

Wakuu, mimi ni mtu mzima, lakini pale niligeuka nikatazama baharini.

Kesho yake nikazikusanya pea zote 14 nikaanza kuzikagua kwa tepu ya fundi cherehani. Daluga za yule beki, lebo kwenye ulimi zimeandikwa 41 zote mbili. Nikatoa soli za ndani nikazipima: ya kulia sentimita 26.3, ya kushoto 25.7. Pea moja! Namba moja! Na pea nne nyingine soli ilikuwa imeanza kuachia mbele, kiatu kimefungua mdomo, ukiingiza kidole unaiona gundi ya njano imekauka kama ugoro. Wiki tatu tu, na siku mbili kwa wiki za mazoezi.

Nikarudi dukani. Nikaoneshwa kidole ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Halafu akaniambia, mbele ya wateja, kwamba tatizo ni miguu ya watoto wa uswahilini, haijazoea viatu. Narudia alichosema ili kila mzazi wa Tanga alisikie: tatizo ni miguu ya watoto wetu.

Sasa nieleze kwa nini maneno hayo ni uongo, maana wengi tumeuziwa uongo huu tangu utoto na tukauamini.

Namba ya kiatu inasema urefu peke yake. Hizi namba za Ulaya, toka moja kwenda nyingine ni milimita 6.7 hivi za urefu. Haikuambii chochote kuhusu upana wa mbele, wala kimo cha mgongo wa mguu, wala wembamba wa kisigino, wala kama uvungu wa unyayo upo au mguu ni bapa. Watu wawili wanaweza kuvaa 41 na miguu yao isifanane hata kidogo. Na mtu aliyekua akitembea pekupeku huwa na mguu mpana zaidi mbele kuliko aliyefungiwa kwenye viatu tangu ananyonya. Si kasoro hiyo. Ni mguu uliokua kwa nafasi.

Na hilo la kutanuka: ngozi halisi hutanuka kidogo upande wa upana, ndiyo, ukiivaa taratibu. Urefu hauongezeki. Lakini hizi daluga za elfu 40 si ngozi, ni plastiki juu ya kitambaa, na plastiki haitanuki ikamfuata mtu. Inachofanya ni kusugua mpaka ngozi ya mguu ndiyo iondoke. Halafu kuna wale wanaokushauri "mchukulie namba mbili juu." Hapo umehamisha ugonjwa. Mbele kimekaa vizuri, nyuma kisigino kinapanda na kushuka, malengelenge yanahamia huko, na pale kiatu kinapokunjika hapalingani tena na pale vidole vinapokunjika. Kijana akigeuka ghafla, mguu unazunguka ndani ya kiatu. Nimeona kifundo kikiteguka hivyohivyo.

Nina dada yangu yuko Kanada, Edmonton. Siku ileile nikampigia kumlalamikia, naye akaniambia kitu kilichoniongezea uchungu. Mwanawe, mpwa wangu, ameanza kucheza hoki ya barafu shuleni. Akasema, "Kaka, tulipokwenda kununua viatu vya barafu tulikaa dukani saa nzima." Mtoto alipimwa urefu wa mguu, upana, kimo cha mgongo wa mguu na kisigino. Kwa nini? Kwa sababu viatu vile vinatengenezwa kwa maumbo, si kwa namba peke yake. Kuna kampuni ya viatu hivyo inaitwa Bauer, wana maumbo matatu wanayaita Fit 1, Fit 2 na Fit 3, kutoka mguu mwembamba hadi mnene. CCM nao (kampuni ya viatu vya barafu, si chama) wana cha mguu mwembamba, wa kawaida na mpana. Tena namba ya kiatu cha barafu huwa chini ya ile ya kiatu cha mtaani, kwa namba moja hadi moja na nusu, na muuzaji anatakiwa kujua hilo kabla mteja hajafungua mdomo.

Akanieleza walivyomjaribisha. Mtoto kavaa bila kufunga kamba, wakalaza penseli juu ya kiatu kutoka tundu la kamba la upande huu hadi la upande wa pili. Penseli ikigusa mguu isilale sawa kwenye matundu, kiatu ni kifupi kimo kwa mguu huo, kinarudishwa rafuni. Akasimama wima: vidole viguse mbele kwa mbali tu. Akakunja magoti kama anateleza: vidole virudi nyuma kidogo na kisigino kitulie kimya. Kilipopatikana, kikaingizwa kwenye oveni maalumu dakika chache, kwa joto la nyuzi 80 hivi, mtoto akavaa kikiwa na moto, akafungwa kamba, akakaa ametulia mpaka kikapoa kwa umbo la mguu wake. Na kile kishikizo cha chini kinachoshika chuma cha kutelezea kimefungwa kwa ribiti, hakikubandikwa tu kwa gundi ukaambiwa nenda na Mungu.

Nikamwambia dada, hapa Tanga sisi hatuna barafu hata ya kutosha samaki siku umeme ukikatika, na oveni ya viatu siitaki. Nilichokuwa nakitaka mimi ni muuzaji ainame atazame mguu wa mtoto. Hilo halihitaji Kanada. Linahitaji karatasi ya A4, penseli na rula.

Na sasa ndivyo ninavyofanya, nawapa hapa bure wazazi wenzangu mnaopita kwenye uzi huu. Pima jioni baada ya mchezo, mguu umevimba kidogo, asubuhi utadanganyika. Mtoto asimame juu ya karatasi kwa uzito wake wote, na soksi atakayochezea, penseli iwe wima umzungushe. Pima miguu yote miwili na ufuate ule mkubwa. Pima urefu, halafu upana pale vidole vinapoanzia. Nenda na karatasi yako dukani. Toa soli ya ndani ya kiatu, mtoto aikanyage: nyama ya mguu ikimwagika nje ya kingo, kiatu hicho si chake, hata muuzaji aape kwa msahafu. Akishavaa, mbele ya dole gumba ibaki nafasi ya nusu sentimita mpaka moja, basi.

Kisha kikunje kiatu kwa mikono. Kikikunjika pale vidole vinapokunjika, sawa. Kikikunjika katikati kama daftari, kiache hapohapo. Na someni herufi kwenye boksi, zina maana. FG ni ya nyasi za kawaida kwenye ardhi kavu, SG ya uwanja laini wenye maji, meno yake marefu na mara nyingi ya chuma, AG ya nyasi bandia, TF ile yenye vimeno vingi vidogovidogo. Kwa uwanja kama wetu, mgumu kama sakafu kuanzia mwezi wa kwanza, TF inamsaidia mtoto kuliko zote. Muuzaji alitupa SG pea tatu! Meno marefu juu ya ardhi ngumu, kila jino linamchoma mtoto unyayoni kama msumari. Alijua? Kama alijua ni ukatili. Kama hakujua, anauza nini?

Jingine ni hili la kuning'iniza daluga nje ya duka juani toka asubuhi mpaka magharibi, na upepo wa chumvi wa hapa kwetu. Jua linalegeza gundi na kukausha plastiki. Kiatu kikifika kwa mteja kimeshazeeka. Wanaoning'iniza wanajua, ndiyo maana hawawezi kukupa hata mwezi mmoja wa dhamana.

Kuhusu kile kibao cha "hairudishwi": tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Ukimweleza muuzaji kazi unayoitakia bidhaa, ukategemea ujuzi wake yeye anayeiuza kila siku, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Mimi nilimweleza, mbele ya wazazi wawili. Na Sheria ya Ushindani ya 2003 ndiyo iliyoanzisha Tume ya Ushindani, FCC, kumlinda mlaji ni kazi yao. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ninayo, niliidai kwa nguvu. Picha za soli na tepu ninazo.

Nyongeza, saa tatu usiku: mkuu uliyeuliza kwa nini hatukununua mtumba, swali lako ni la haki. Kwa ubora, mtumba mzuri ungetufaa zaidi, nimeona daluga za mitumba zimeshonwa pembeni na ngozi ni ngozi. Lakini kupata pea 14 za saizi za watoto kwa siku moja haiwezekani, na ya mtumba imeshakunjika kwa mguu wa mwingine. Kwa mtoto mmoja mmoja, ndiyo, nenda kaichambue.

Na wewe unayesema zamani watu walicheza pekupeku na Coastal Union yetu ya hapa Tanga wakachukua ubingwa wa ligi 1988, ndugu yangu, wale vijana wa Coastal walivaa daluga. Usiwapunguzie.

Pea zile zilizofungua mdomo nimempelekea fundi viatu wa barabara ya nane, amezipiga uzi wa nailoni kuzunguka soli yote, elfu tatu kila moja, nimelipa mimi. Za beki wangu hazitengenezeki. Jumatatu asubuhi nakwenda tena pale dukani na zile daluga kwenye kiroba, tepu, risiti, na mama yake wa Deep Sea amesema anafunga meza ya dagaa siku hiyo ili tuwe wote. Aliyeko Tanga mjini aliyepata yanayofanana na haya, saa nne tutakuwa pale kona ya soko la Ngamiani. Njoo na kiatu chako.