Mrejesho: Kasi ya kuchoronga kwenye mwamba wa mfinyanzi

Wakuu, niliwauliza kwa nini kasi ya kuchoronga kisima chetu cha mafuta inaporomoka tukiingia kwenye mwamba wa mfinyanzi, hata tukiongeza uzito juu ya kichwa cha kuchorongea. Nimerudi na majibu.

Aliyeshauri tufuatilie nishati inayotumika kukata kila ujazo wa mwamba, ile kanuni ya Teale ya mwaka 1965, Mungu ambariki. Tuliuchora mstari wake sambamba na uzito, torki (nguvu ya kuzungusha kichwa) na mizunguko. Ulipanda ghafla palepale kasi iliposhuka, ilhali mwamba haukuwa umebadilika. Kichwa kilipotolewa, njia za tope (majimaji yanayosukumwa kisimani kuondoa vipande vya mwamba) kati ya safu za meno ya almasi zilikuwa zimejaa udongo ulioshikamana kama saruji, na meno yenyewe mazima kabisa! Kumbe kila tulipoongeza uzito tulizidi kuushindilia.

Tukabadili nozeli (vitundu vya kichwa vinavyorusha tope), tukaongeza mtiririko wa pampu, na kutia kloridi ya potasiamu kwenye tope ili udongo usivimbe. Kasi imerudi na haijashuka tena.

Kuhusu uzalishaji, nimeukubali ushauri wa kutotumia baraiti, ule unga wa madini wa kuongeza uzito wa tope, tukifika kwenye tabaka la mafuta. Chembe zake zikiziba vitundu vya mwamba, asidi ya kawaida haiziyeyushi, wakati chokaa inayeyuka. Tope la chokaa limeshaandaliwa, na shinikizo lake litazidi kidogo tu lile la tabaka. Kisima kikishapimwa mtiririko, nitawaletea matokeo. Ahsanteni sana.