Mjadala: Ukitibiwa afya ya akili, mwajiri aambiwe au unyamaze?

Wadau, tulijadili hili bila kupakana mafuta.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 kinakataza ubaguzi kazini na kutaja misingi yake: kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, VVU na mingineyo. VVU vimetajwa waziwazi. Mwenye sonona au bipola inabidi apitie mlango wa "ulemavu", na wangapi wako tayari kujiita walemavu kwa sababu ya vidonge vya usiku?

Chukua mtu anayerudi kazini na ED, ile karatasi ya daktari ya kumpumzisha kazi. HR hahesabu siku alizopumzishwa, anasoma muhuri. Ukiwa wa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili Dodoma, habari imefika kantini kabla yake. Wala hafukuzwi, maana hakuna mwajiri mjinga wa kuandika "tunakuachisha kwa ugonjwa wa akili". Anaondolewa kaunta, ananyang'anywa funguo za sefu, baadaye inakuja barua ya "utendaji usioridhisha". Au mkataba unaisha tu, kimya.

Mimi nasema: mwambie, tena kwa barua. Sheria inasema mfanyakazi akionyesha dalili za awali za ubaguzi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Sasa utazionyeshaje, iwapo bosi anaapa mbele ya CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) kuwa hakujua lolote? Nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa iwe nyumbani kwako. Na ukiachishwa una siku 30 tu za kufungua shauri. Mtu aliyezidiwa na sonona anaweza kuzimaliza zote akiwa kitandani, kwa hiyo ndugu mmoja naye ajue karatasi ziko wapi.

Najua hoja ya upande wa pili: dereva wa basi la Mwanza anayesikia sauti, tumwachie usukani? Hapana, na sheria haidai hivyo. Inaruhusu kumtofautisha mtu kutokana na mahitaji halisi ya kazi yenyewe. Ila yapimwe kwa kazi na kwa maneno ya daktari, siyo umbea. Mhasibu mwenye sonona anaendesha basi gani?

Halafu likizo ya ugonjwa: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, zilizobaki nusu. Hakuna palipoandikwa malaria tu. Lakini watu wanakula likizo yao ya mwaka kwenda kliniki, kwa kuogopa karatasi.

Ninapositasita ni kwa mgeni kazini. Chini ya miezi 6, kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimfikii, ingawa kifungu cha 7 kinamlinda hata mwombaji kazi. Huyo ningemshauri anyamaze kwanza. Wanasheria mnirukie, sawa.

Swali langu kwa mliokaa HR: hizo ED mnazihifadhi wapi, na ufunguo wa hilo kabati anao nani?