Nimesoma hadithi ya karatasi ya njano, sasa namwogopea mdogo wangu. Naombeni ushauri

Mama Nuru: Habari zenu jamani, mnisamehe nikichanganya mambo, kichwa kimejaa. Juzi nimesoma hadithi fupi ya Charlotte Perkins Gilman, Mmarekani, ya mwaka 1892, ya yule mama mwenye mtoto mchanga, mumewe daktari kamweka chumba cha juu apumzike, asiandike, asifanye kazi yoyote, basi anabaki kuitazama karatasi ya njano iliyobandikwa ukutani mpaka anaona mwanamke anatambaa ndani yake. Mwanzoni nilikuwa upande wa mume kabisa. Halafu kuna ule mchirizi ukutani, chini chini, unazunguka chumba kizima, anajiuliza nani kaufanya, mwishoni anakwambia mwenyewe bega lake linaingia sawasawa pale. Niliweka simu chini. Kumbe ni yeye alikuwa anatambaa, na mimi namsoma tu sijaona.

Sasa mdogo wangu kajifungua, yuko kwake na mama mkwe wake. Kila nikipiga ananiambia usiku kuna watu wanatembea darini wanamtaka mtoto. Shemeji anasema tusimsikilize, ni uchovu, arobaini ikiisha atakaa sawa. Nimwamini nani?

Msomaji wa Tanga: Pole dada. Yule mama ndiye anayesimulia, na ni msimulizi asiyeaminika, yaani huwezi kuchukua kila anachosema kama kilivyo. Watu wengi wanadhani maana yake ni muongo, yule mama hadanganyi hata kidogo. Kuhusu mwanamke wa ukutani anakosea, ila kwamba anaumwa kweli na kwamba kunyimwa kalamu kunamdhuru, yuko sahihi toka mwanzo na hakuna anayemsikia. Gilman yalimkuta mwenyewe, alijifungua 1885, mwaka 1887 akatibiwa na daktari Silas Weir Mitchell, akaambiwa asiguse kalamu tena maisha yake yote. Alifuata kama miezi mitatu akakaribia kuharibikiwa akili kabisa, ndo akaacha akarudi kwenye kazi yake, 1913 akaeleza kwa nini aliandika ile hadithi. Kwahiyo darini hamna watu, lakini mdogo wako anaumwa, hilo mwamini.

Bint Kilosa: Mi naomba tuache kitabu kidogo, yule ni mdogo wake wa damu. Ana siku ngapi toka ajifungue? Analala?

Mama Nuru: Siku 17. Nimempigia mama mkwe sasa hivi, anasema siku ya nne hii hajafumba macho, na jana alimfunga mtoto kwenye kanga akakaa naye bafuni saa nzima taa kazima, wakimgongea anawaambia nyamazeni watasikia.

Nesi Mstaafu: Mwanangu, hiyo haingoji arobaini. Machozi ya siku za mwanzo ni kawaida na yanapita, ila mzazi halali na anasikia watu, hiyo ni dharura, hospitali leo leo. Inatibika, nimewaona wengi wakirudi kuwa wazima na kulea watoto wao. Usibishane naye kuhusu hao watu na wala usimkubalie, mwambie tu naona unaogopa, nakuja. Asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja. Mkifika, mwacheni ajieleze yeye kwanza, shemeji asimsemee.

Bint Kilosa: Na shemeji usimwendee na habari za karatasi za njano, mwambie mkeo hajalala siku nne, basi. Mama mkwe kashaona, anza naye huyo.

Mama Nuru: Asanteni. Mama mkwe ndo kamlazimisha mwanawe atafute bajaji, mi nimewakuta hapa hapa hospitali. Daktari kamuuliza mdogo wangu mwenyewe, kaongea muda mrefu sana, kumbe kilichomtisha zaidi ni kwamba akiongea tunaangaliana. Shemeji kainama tu anasikiliza. Wamempa kitanda. Mtoto ninaye mimi hapa nje, kalala, bado yuko kwenye ile kanga.